Barua ya wazi kwa wanaopanga tafiti za kisukari: anzieni kwenye mwendo ambao mtu wa Tanga tayari anao

Kwa Wizara ya Afya. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) pamoja na kituo chake cha Tanga. Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH). Mganga Mkuu wa Mkoa wa Tanga. Na Halmashauri ya Jiji la Tanga.

Waheshimiwa,

Sisi ni watu tunaofanya kazi na wagonjwa wa kisukari mkoani Tanga, kliniki, wodini na vijijini. Tunaandika kwa sababu vipaumbele vya utafiti hupangwa mezani kwenu, na sehemu inayohusu mazoezi ya mwili mara nyingi huja imekopwa nzima nzima kutoka nchi ambako watu hukaa ofisini mchana kutwa, kisha jioni wakaenda kukimbia kwa hiari yao. Mtu wa Tanga haishi hivyo. Mazoezi yake yako kwenye pedeli ya baiskeli kutoka Pongwe kuja mjini, kwenye gunia linalopandishwa begani Soko la Mgandini, kwenye kisu cha mkata mkonge, kwenye mbuzi ya kukunia nazi na kwenye ndoo ya maji kichwani. Utafiti usioanzia hapo utatuletea majibu ya maswali ambayo hakuna mgonjwa wetu aliyeyauliza.

Tuanze na lisilohitaji fedha tena. Kwamba mazoezi yanamfaa mwenye kisukari, au aliye njiani kukipata, limeshathibitika. Utafiti wa Da Qing nchini China ulioanza mwaka 1986, na ule mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002 ukiwa na watu 3,234, ulimaliza ubishi huo kwa walio njiani: nchini Marekani mpango wa dakika 150 za mazoezi kwa wiki pamoja na kupunguza uzito ulipunguza ugonjwa kuanza kwa asilimia 58. Sababu nayo inafahamika. Msuli unaofanya kazi hufungua njia yake wenyewe ya kuvuta sukari kutoka kwenye damu hata insulini ikiwa kidogo, na baada ya kazi hiyo mwili huendelea kuipokea insulini vizuri zaidi kwa saa 24 hadi 72. Ndiyo maana huwa tunasema zisipite siku mbili mfululizo bila mazoezi. Andiko lolote linaloomba fedha ili kuuliza tena "je, mazoezi husaidia?" tunawasihi mlirudishe kwa mwandishi.

Hali ya nchi nayo inajulikana. Mwaka 1989 watafiti waliopima vijiji sita vya Tanzania walikuta kisukari kwa takriban mtu mmoja katika kila mia. Upimaji wa kitaifa wa mwaka 2012 ukaja na asilimia 9.1 kwa watu wa miaka 25 hadi 64. Njia za upimaji zilitofautiana, lakini mwelekeo hauna utata. Na watafiti waliowafuatilia watu waliohama kutoka Morogoro vijijini kwenda Dar es Salaam, wakachapisha matokeo mwaka 2010, waliona kazi nzito ikipungua sana punde mtu anapoingia mjini.

Sasa swali ambalo sisi tungeliweka juu ya yote ni usalama wa mtu anayefanya kazi ya nguvu huku akitumia dawa inayoshusha sukari. Miongozo mizuri iliyopo duniani kuhusu kupunguza dozi kabla ya mazoezi imeandikwa zaidi kwa ajili ya watu wenye pampu za insulini, insulini za kisasa za haraka na vipima sukari vinavyobandikwa mkononi. Wagonjwa wetu wengi wako kwenye vidonge vya glibenklamaidi, au kwenye insulini mchanganyiko ya 30 kwa 70 asubuhi na jioni. Tazameni mchukuzi wa sokoni anayejichoma saa 12 asubuhi. Ile asilimia 30 ya haraka hufikia nguvu yake kati ya saa 2 na saa 4 asubuhi. Ile asilimia 70 ya polepole hupanda kuanzia saa 4 asubuhi na kuendelea hadi alasiri. Huo ndio muda ambao malori yanashushwa, na chai aliyokunywa asubuhi imeshakwisha tumboni. Joto nalo huongeza damu kwenye ngozi na kuifanya insulini inywewe haraka zaidi, na akiwa amejichoma pajani kisha akabeba mizigo, mwendo wa msuli huo unaisukuma zaidi. Tunachomwambia kwa sasa ni kwamba ale vizuri. Tumpunguzie uniti ngapi siku ya mzigo mzito? Robo? Sehemu ya tano? Ale nini saa 4, gramu ngapi za wanga? Tunakisia, na kukisia kwenye insulini ni hatari.

Utafiti wa kujibu hilo si wa gharama ya kutisha. Chukueni wagonjwa wapatao 100 wenye kazi za nguvu, wa insulini na wa glibenklamaidi, muwapime siku ya kazi na siku ya mapumziko: kabla ya kula, kabla ya kuanza kazi, katikati ya kazi, wanapomaliza, kabla ya kulala, na saa 9 usiku. Kipimo hicho cha saa 9 usiku kisikatwe kwa kubana bajeti. Sukari inayoshuka kwa sababu ya kazi ya mchana mara nyingi hushuka usiku mtu amelala, na familia huamka asubuhi ikadhani amechoka tu. Rudieni upimaji huo wakati wa kaskazi na wakati wa kusi, maana jua la Februari na upepo wa Julai haviufanyii mwili jambo moja.

Upimaji wenyewe una mitego yake, na tafiti kadhaa huharibikia hapo. Stripu, yaani vijiti vya kupokea tone la damu kwenye mashine ya sukari, nyingi hutakiwa kukaa chini ya nyuzi 30, na hapa joto la mchana hupita hapo kwa miezi mingi. Kopo likiachwa wazi kwenye unyevu wa pwani, stripu zilizobaki huanza kusema uongo. Mtu aliyetoka kumenya embe, asiponawa kwa maji na sabuni na kukausha kidole, atasoma sukari ya juu wakati yake iko chini. Spiriti isiyokauka nayo huharibu kipimo. Saa ya mashine isiporekebishwa, kipimo cha alasiri kitaandikwa kana kwamba ni cha alfajiri, na hutajua sukari ilishuka kabla au baada ya kazi. Kila mshiriki apewe kopo dogo la stripu 25 badala ya 50, ili lisikae wazi muda mrefu, na kuwe na kipimo cha maji ya majaribio, yale yenye kiwango cha sukari kinachojulikana, kila wiki.

Na mtafiti asiwaache washiriki bila kinga. Sukari ikiwa chini ya 3.9 mmol/L ni gramu 15 za sukari ya haraka: vijiko vitatu hadi vinne vya chai kwenye maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida, kisha kusubiri dakika 15 na kupima tena. Watu wa pwani hukimbilia dafu. Dafu ni zuri kwa kiu, lakini sukari yake hubadilika kwa ukomavu wake na kwa kawaida ni kidogo kuliko inavyodhaniwa, kwa hiyo lisitegemewe kwenye dharura. Hili linafaa kuandikwa ndani ya fomu ya ridhaa kwa maneno haya haya.

Jambo la pili, ambalo tunaona linapuuzwa kuliko yote, ni namna ya kupima mazoezi yenyewe. Dodoso la Shirika la Afya Duniani linalotumika kwenye tafiti za kitaifa huuliza kuhusu kazi, safari na burudani, likihesabu shughuli za dakika 10 mfululizo au zaidi. Kwanza, sharti hilo la dakika 10 shirika lenyewe lililiondoa kwenye mwongozo wake wa mwaka 2020, lakini dodoso bado linalibeba. Mama anayekuna nazi, kufua, kufagia uwanja na kubeba ndoo kutoka bombani hafanyi dakika 10 za kitu kimoja. Anafanya dakika 4 za hiki na 6 za kile kuanzia alfajiri, na kwenye fomu anatoka kama mtu asiyejishughulisha. Pili, ukimwuliza "unafanya mazoezi?" atajibu hapana kwa unyofu kabisa, maana kwake mazoezi ni kuvaa raba na kukimbia. Muulizeni alichofanya jana, saa kwa saa, kuanzia adhana ya alfajiri. Inachukua dakika 20 zaidi, na majibu yake yanatumika.

Wengi watasema dawa ya hilo ni kutumia kifaa cha kupima mwendo. Ndiyo, lakini kivaliwe wapi? Kifaa cha kiunoni huhesabu mtikisiko wa kiwiliwili. Mwendesha baiskeli kiuno chake kimetulia kwenye kiti, kwa hiyo kifaa kitamwandika kuwa amekaa. Na Tanga bado ni mji wa baiskeli: za mafundi, za wauza samaki wenye matenga, za wazee wa Ngamiani wanaokwenda msikitini. Utafiti utakaotumia kifaa cha kiunoni hapa utaipoteza sehemu kubwa ya mwendo wa mji huu na kisha kutangaza kwamba watu ni wazembe. Kifaa kinachobandikwa pajani huitambua baiskeli, kwa sababu paja hupanda na kushuka. Vilevile, hakuna kifaa cha mwendo kinachojua kwamba kichwani kuna lita 20 za maji. Kitahesabu hatua tupu. Na mvuvi wa Sahare atakivua kabla ya kuingia majini kama hakizuii maji, kisha atakisahau ndani ya chombo. Tunaomba kipaumbele cha wazi kiwekwe kwenye kulinganisha vifaa hivi na kazi halisi za hapa kabla ya utafiti wowote mkubwa. Viwango vya kutofautisha mwendo mwepesi na mzito vilivyomo kwenye programu zake vingi vilitokana na watu wazima wa Marekani waliotembezwa kwenye mashine maabara.

Hapo linaingia swali ambalo linatukosesha raha. Tafiti kadhaa za Ulaya zimeona kwamba mazoezi ya hiari huulinda moyo, lakini kazi nzito ya siku nzima haionyeshi ulinzi ule ule, pengine kwa sababu mapigo na presha hubaki juu kwa saa nyingi bila mapumziko. Kama ni kweli hapa pia, basi mkata mkonge mwenye kisukari anayeambiwa "wewe kazi yako inatosha" anadanganywa. Kama si kweli, tunamsumbua mtu aliyechoka kwa kumwongezea matembezi ya jioni. Hatuwezi kuendelea kumshauri kwa kubahatisha.

Kwenye kipimo cha matokeo, tafadhali msikubali andiko linalotegemea HbA1c peke yake. Ni kipimo kizuri cha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu pale chembe nyekundu za damu zinapoishi umri wake wa kawaida. Tanga ina malaria, ina selimundu na walio na chembe ya kurithi ya selimundu, ina upungufu wa damu kwa wajawazito. Chembe zinazovunjika mapema hushusha kipimo, upungufu wa madini ya chuma hukipandisha, na baadhi ya mashine huchanganywa na himoglobini ya selimundu. Mtafiti anaweza kuona HbA1c imeshuka akasifu mazoezi, kumbe mgonjwa aliugua malaria mwezi uliopita. Kila mshiriki apimwe wingi wa damu na himoglobini mwanzoni, na pawepo kipimo cha pili kama fruktosamini (sukari iliyoshikamana na protini za damu) au vipimo vya nyumbani vya kabla na baada ya kula.

Suala la uzito nalo linahitaji macho ya hapa. Utafiti mwingine mkubwa wa Marekani wa watu 5,145 wenye kisukari, uliositishwa mwaka 2012 baada ya kuonekana kwamba haukupunguza maradhi ya moyo, uliwahusu watu wanene, na lengo lilikuwa kuwapunguza uzito. Kliniki zetu zina wanene pia, tena wanaongezeka. Lakini zina wagonjwa wembamba, waliokua katika uhaba wa chakula, ambao mwaka 2025 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikubali kuutambua ugonjwa wa aina yao kama aina ya 5. Mtu wa kilo 47 hana kilo za kupoteza. Akitembea saa nzima kila siku bila kuongezewa chakula, anapoteza msuli, na msuli ndio ghala lake la sukari. Kwa huyu tungependa utafiti wa mazoezi ya nguvu: mara 2 au 3 kwa wiki, siku zisizofuatana, mizunguko miwili ya marudio 10 hadi 15, pamoja na chakula chenye protini kama dagaa na kunde. Vifaa vipo nyumbani. Dumu la lita 5 likijazwa maji ni kilo 5, likijazwa mchanga mkavu linakaribia kilo 8. Hivyo uzito unapandishwa hatua kwa hatua bila kununua kitu. Mpini wa dumu uzungushiwe kitambaa, kwa sababu kiganja chenye ganzi hakisikii kinapochubuka. Na pumzi isibanwe wakati wa kuinua, maana presha hupanda ghafla, na kwa mwenye mishipa dhaifu ya macho hilo linaweza kuleta damu ndani ya jicho. Upimaji wa maendeleo hauhitaji mashine: hesabu mara ngapi anasimama na kukaa kwenye kiti kwa sekunde 30 bila kujisaidia kwa mikono.

Miguu. Tunashauri watu watembee, nao wanatembea na kandambili. Kamba ya katikati husugua kati ya vidole, na mwenye ganzi hukunja vidole kuishikilia isichomoke, shinikizo likaenda kwenye ncha za vidole. Anayejua hili anaogopa kuagiza matembezi. Asiyejua anaagiza na kidonda kinakuja. Ganzi peke yake haimkatazi mtu kutembea, kidonda kilicho wazi ndicho kinachokataza kuukanyagia mguu ule. Swali la utafiti ni jepesi kulitamka: ni kiatu gani cha bei ambayo watu wanaimudu, kinachotengenezwa na mafundi wetu, makobazi yenye mkanda wa nyuma au katambuga zilizowekwa sponji ndani, kinachopunguza malengelenge na vidonda kwa mtu anayetembea dakika 30 kwa siku kwenye mchanga na kokoto? Mafundi washirikishwe tangu siku ya kwanza. Na uzi wa gramu 10 wa kupimia ganzi usitumike kwa zaidi ya wagonjwa 10 bila kupumzishwa saa 24, vinginevyo unalegea na kuanza kusema kila mtu ana ganzi.

Ramadhani inastahili utafiti wake wenyewe. Kwa miaka hii inaangukia Februari na kuelekea Januari, katikati ya kaskazi. Miongozo ya kimataifa ya kisukari na saumu inaihesabu tarawehe kuwa ni mazoezi, na ni sawa: rakaa 20 za kuinama, kusujudu na kusimama si haba. Ila hakuna anayetueleza sukari inakwendaje kwa mtu aliyefuturu kwa tende, uji, mihogo na chapati, akameza glibenklamaidi, kisha akasimama safu moja na wenzake kwa saa nzima. Wapimwe kabla ya futari, kabla ya tarawehe, baada yake, na kabla ya daku. Maimamu wahusishwe mapema. Suala la kupima sukari mtu akiwa amefunga lisemwe na wao, maana wapo wanaodhani kutoboa kidole kunabatilisha saumu, na hao ndio watakaojitoa katikati ya utafiti.

Kwa Halmashauri tuna neno fupi. Vikundi vya jogingi vinakimbia barabarani alfajiri, wanawake wenye umri mkubwa hawajiungi kwa sababu ya giza, mbwa na macho ya watu. Kabla ya kuanzisha kampeni nyingine ya mabango, lipieni utafiti wa njia: wapi pana taa, wapi pana kivuli, wapi bodaboda zinawasukuma waendesha baiskeli pembeni.

Mwisho, namna ya kuchagua. Uingereza, mwaka 2017, maswali 10 ya kwanza ya utafiti wa kisukari aina ya 2 yalipangwa na wagonjwa, wauguzi, madaktari na walezi wakiwa meza moja, kila mmoja na kura yake. Fanyeni hivyo Tanga, na Muheza, Korogwe na Lushoto pia, kwa sababu mkulima wa milimani hana maswali ya mvuvi. Nusu ya viti viwe vya wagonjwa, nauli zao zilipwe, na kikao kiwe kwa Kiswahili tupu. Kisiitishwe asubuhi ya kliniki, siku ambayo mgonjwa ametoka nyumbani bila kula ili apimwe, ametembea, na yuko foleni. Wapo wanaokuwa wameshameza dawa, na sukari hushuka wakiwa hapo hapo kwenye benchi.

Kila mkataba wa fedha uwe na sharti moja la maandishi: ndani ya miezi sita baada ya takwimu kufungwa, matokeo yarudi kwenye kila kituo yalikokusanywa, ukurasa mmoja wa Kiswahili unaomweleza muuguzi dawa ipi, kazi ipi, dakika ngapi, apunguze kiasi gani, na kipi kimsimamishe mgonjwa. Asilimia 10 ya mwisho ya fedha isitolewe mpaka ukurasa huo ubandikwe ukutani.

Wenu katika kazi,
Sisi tunaohudumia watu wenye kisukari, Tanga